Jaribio la uwiano wa makundi mawili likikupa jibu lisiloeleweka: dalili, chanzo na pa kuanzia

Msimu wa tasnifu ukifika, maswali ninayoletewa ni yaleyale. Mtu ana makundi mawili: waliopata mafunzo na wasiopata, kijiji hiki na kile, wagonjwa wa dawa hii na wa ile. Anataka kujua kama sehemu ya waliojibu "ndiyo" kundi la kwanza inatofautiana kweli na ya kundi la pili, au ni bahati ya sampuli tu. Amebonyeza, programu imetema namba, na sasa hajui aiamini au asiiamini.

Nimeyapanga matatizo hayo kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi. Kanuni yenyewe huwa haina kosa. Kosa hukaa kwenye jedwali la visanduku vinne (makundi mawili kwa majibu mawili, ndiyo na hapana) ambalo kanuni imelishwa, yaani nani amehesabiwa na amegawanywa kwa nani.

Kwanza, pima chombo chako

Fundi wa mizani huanza na jiwe analojua uzito wake. Nawe ingiza data yenye jibu linalojulikana kabla ya kuingiza yako. Mimi hutumia utafiti wa tohara na VVU uliofanyika Kisumu, ambao matokeo yake yalichapishwa 2007. Vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa kwa bahati nasibu:

Kundi la tohara: walioambukizwa 22, wasioambukizwa 1,369, jumla 1,391.
Kundi la kusubiri: walioambukizwa 47, wasioambukizwa 1,346, jumla 1,393.

Uwiano ni 22/1,391, sawa na asilimia 1.58, na 47/1,393, sawa na asilimia 3.37. Tukichukulia kwamba makundi hayatofautiani, tunayachanganya: 69/2,784, sawa na 0.0248. Kosa sanifu, yaani kiasi ambacho tofauti huyumba kwa bahati ya sampuli, ni kipeuo cha pili cha 0.0248 × 0.9752 × (1/1,391 + 1/1,393), nacho ni 0.00589. Gawanya tofauti ya 0.0179 kwa hilo, upate z = 3.04. Nayo p, yaani nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kwa bahati tu ikiwa makundi hayatofautiani, ni 0.0024 kwa mikia miwili (tofauti ya upande wowote ule). Kai-skwea ya jedwali hilohilo, kipimo cha umbali kati ya idadi zilizoonekana na zile tarajiwa, ni 9.25, ambayo ni z ikizidishwa kwa z yenyewe. Ni jaribio moja lenye majina mawili.

Kwenye programu ya R amri ni `prop.test(c(22, 47), c(1391, 1393), correct = FALSE)`. Programu yako ikikosa namba hizi, usihangaike na data yako bado. Kosa liko kwenye namna unavyoingiza.

Dalili ya 1: p ni kubwa mno au ndogo mno kuliko macho yanavyoona

*Umeingiza asilimia badala ya idadi.* Hiki ndicho chanzo kikuu, na huwakamata hata watu wazoefu. Umeandika 60 na 40 kwenye mstari mmoja, 50 na 50 kwenye mwingine, programu ikaamini kila kundi lilikuwa na watu 100. Tazama inavyobadilisha jibu. Asilimia 60 dhidi ya 50 zikitoka kwa watu 40 kila upande, p ni 0.37. Zikitoka kwa watu 100 kila upande, p ni 0.16. Zikitoka kwa watu 400 kila upande, p ni 0.0045. Asilimia hazikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni uzito wa ushahidi nyuma yake. Jumlisha visanduku vinne: ukipata 200 kamili ilhali ulihoji watu 83, umeshapata kosa.

*Kigawanyo si sahihi.* Chanzo hiki kinaniuma zaidi kwa sababu hakitoi onyo lolote. Niliwahi kukaa siku nzima na hojaji za karatasi ambazo swali la mwisho la ukurasa wa kwanza lilikuwa wazi kwenye kundi moja tu. Karani wa eneo lile alikuwa anageuza ukurasa mapema. Wakati wa kuingiza data, kisanduku kitupu kiligeuzwa kuwa 0, na 0 kwetu ilimaanisha "hapana". Sikuliona hilo mpaka nilipozishika karatasi zenyewe mkononi.

Tuseme kundi A lina 122 waliosema ndiyo kati ya 200, na kundi B lina 88 kati ya 200. Asilimia 61 dhidi ya 44, p ni 0.0007, na mtu yuko tayari kuandika hitimisho. Kumbe kundi B lina hojaji 48 ambazo hazikujibiwa. Ukiziondoa inabaki 88 kati ya 152, yaani asilimia 58, na p inarudi hadi 0.56. Ile tofauti yote ilitengenezwa na karatasi tupu.

Hesabu walioachwa wazi kwa kila kundi kabla ya kufanya jaribio lolote, na uandike idadi hiyo kwenye ripoti. Simama hapa kama upande mmoja una walioachwa wazi wengi kuliko mwingine. Kuwaondoa tu hakutoshi, kwa kuwa asiyejibu huenda ana sababu inayohusiana na swali lenyewe. Hapo unahitaji mtakwimu, na huenda ukahitaji kurudi uwandani.

*Mkia mmoja badala ya miwili.* Ukiona p yako ni nusu kamili ya ya mwenzako, ni hili. Kwa data ya Kisumu mkia mmoja ungetoa 0.0012. Tumia mikia miwili, isipokuwa kama uliandika mkia mmoja kwenye pendekezo la utafiti kabla hujaona data.

Dalili ya 2: programu mbili, majibu mawili

Mwanafunzi ana R, msimamizi wake ana Stata, na kila mmoja anadhani mwenzake amekosea. Data ya Kisumu inatoa 0.0024 kwa `prtest` ya Stata, na 0.0035 kwa `prop.test` ya R ikiachwa ilivyo. R huweka sahihisho la Yates bila kuulizwa, Stata haiweki. Frank Yates alilitoa 1934 kwa ajili ya sampuli ndogo, ili kupunguza haraka ya kai-skwea kutangaza tofauti. SPSS kwa jedwali la visanduku vinne hukupa mistari kadhaa kwa pamoja, wa Pearson (kai-skwea ya kawaida), wa sahihisho na wa Fisher (jaribio linalohesabu uwezekano kamili bila kukadiria), halafu inakuachia uchague. Excel nayo haikokotoi idadi tarajiwa. `CHISQ.TEST` inataka uitengeneze mwenyewe, na ukiielekeza kwenye visanduku visivyo sahihi inakupa jibu bila kulalamika.

Sampuli ikiwa kubwa, tofauti hizi hazina madhara. Ikiwa ndogo zinaweza kugeuza hitimisho. Chukua miche ya miembe iliyobebeshwa kwa mitindo miwili, kila mche kwenye kiriba chake: mtindo wa kwanza imeshika 7 kati ya 12, wa pili imeshika 2 kati ya 13. Kai-skwea bila sahihisho inatoa p ya 0.025. Fisher anatoa 0.041. Yates anatoa 0.069. Ni miche ileile 25, na upande gani wa 0.05 utaangukia inategemea kitufe ulichobonyeza.

Ushauri wangu: amua jaribio kabla ya kuona jibu, na uliandike kwa jina kwenye sura ya mbinu. Kwa sampuli ndogo chagua Fisher. Anayejaribu yote matatu na kuripoti lile linalompendeza anajidanganya, tena anamdanganya mkulima atakayefuata ushauri wake.

Dalili ya 3: onyo kwamba kadirio la kai-skwea huenda si sahihi

Kuna kisanduku chenye idadi tarajiwa chini ya 5. Ni idadi *tarajiwa*, si ile uliyoiona. Zidisha jumla ya mstari kwa jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu. Kwa miche yetu: 9 × 12 ÷ 25 = 4.32, kwa hiyo onyo ni la haki. Nenda kwa Fisher. Kuunganisha makundi ili onyo lipotee ni sawa tu kama makundi hayo yana maana yakiunganishwa.

Dalili ya 4: kisanduku kimoja ni sifuri

Hakuna aliyepata madhara kati ya watu 30, na mtu anaandika "dawa haina madhara". Jaribio la Fisher litafanya kazi hata na sifuri, lakini uwiano wa uhatari (hatari ya kundi moja ikigawanywa kwa ya lingine) utagoma kwa kuwa huwezi kugawanya kwa sifuri, na wigo wa uhakika wa kawaida (mipaka ambamo thamani ya kweli huenda imo) utakuambia "0 hadi 0", jambo ambalo haliwezekani. Kuna hesabu ya haraka: gawanya 3 kwa idadi ya watu. 3/30 ni asilimia 10. Maana yake ni kwamba hata kama hukuona yeyote, madhara yanaweza kuwa yanampata mtu mmoja kati ya kumi. Hesabu kamili inatoa asilimia 9.5, karibu sana. Kama suala ni usalama wa wagonjwa, hesabu hii ikufikishe kwa mtakwimu, isikupeleke kwenye hitimisho.

Dalili ya 5: asilimia zimepanda waziwazi, lakini p inasema hakuna kitu

*Watu ni walewale.* Umewahoji watu 100 kabla ya mafunzo na walewale 100 baada ya mafunzo, kisha umewaingiza kama makundi mawili tofauti. Nikimuuliza mtu "hawa ni watu mia mbili au mia moja?", mara nyingi kimya chake kinanijibu.

Tuseme kabla ya mafunzo walijua 40, baada ya mafunzo 52. Ukiwachukulia kama watu 200, z ni 1.70 na p ni 0.089. Lakini rudi kwenye orodha, mtu kwa mtu. Wale ambao hawakubadilika, waliojua mwanzo na mwisho au wasiojua mwanzo na mwisho, hawakuambii lolote kuhusu mabadiliko. Habari yote iko kwa waliohama. Tuseme 20 hawakujua wakajua, na 8 walijua wakasahau. Jaribio la McNemar, lililotolewa 1947, linatazama hao 28 tu: (20 − 8)² ÷ (20 + 8) = 144 ÷ 28 = 5.14, na p ni 0.023.

Ili ulifanye unahitaji namba ya utambulisho inayomuunganisha mtu na majibu yake ya awali. Kama ulikusanya bila utambulisho, huwezi kuwaoanisha leo kwa kukisia umri na jinsia. Hakuna kitufe cha kuokoa hilo, kwa hiyo liseme wazi kwenye ripoti. Onyo hilihili linawahusu waliotafuta mgonjwa na jirani yake mwenye umri sawa: nao ni jozi.

*Sampuli ni ndogo.* Ili kuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kugundua tofauti kati ya asilimia 50 na 60, unahitaji watu karibu 390 kila kundi. Wengi wana 60. Na jambo likiwa adimu, mahitaji yanapanda mno. Chanjo ya polio ya Jonas Salk ilipojaribiwa Marekani 1954, sehemu ya jaribio iliyotumia sindano ya kulinganishia isiyo na chanjo ilikuwa na watoto 200,745 waliochanjwa na 201,229 wasiochanjwa. Polio iliwapata takriban 28 kwa kila 100,000 upande wa chanjo na 71 kwa kila 100,000 upande wa pili. Kwa watoto 1,000 kila upande, ungetarajia chini ya mgonjwa mmoja kwa kila kundi, na chanjo iliyookoa watoto wengi hivyo ingeonekana haina kazi.

Kwa hiyo p ya 0.2 usiiandike "hakuna tofauti". Andika tofauti uliyopata na wigo wake wa asilimia 95. Kwa Kisumu tofauti ni pointi 1.8 za asilimia, wigo ni kuanzia 0.6 hadi 2.9. Wigo wako ukianzia −15 na kuishia +20, umemwambia msomaji ukweli: data haijui. Na kama lengo lako lilikuwa kuthibitisha kwamba vitu viwili ni sawa, mathalani dawa ya bei nafuu na ya bei ghali, jaribio hili si lake. Lipo la kwake, linapangwa kabla ya kukusanya data, na linapangwa na mtakwimu.

Dalili ya 6: p ni ndogo ajabu, na msimamizi haamini

*Ulichukua vikundi vizima.* Madarasa 40 yenye wanafunzi 30 kila moja, jumla 1,200. Lakini wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kisima kimoja, mara nyingi mtaa mmoja. Majibu yao yanafanana, na mtu wa thelathini hakuongezei habari kama wa kwanza. Hesabu ya kuonja hasara ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni watu kwa kikundi na ρ ni kiwango cha kufanana. Kwa ρ ya 0.05 tu: 1 + 29 × 0.05 = 2.45. Wanafunzi wako 1,200 wana uzito wa 490. Gawanya z yako kwa 1.57 uone kama bado imesimama.

Hesabu hiyo ni ya kukuamsha, siyo ya kuchapisha. Simama na umtafute mtakwimu kama sampuli ilipitia vijiji, kaya, zahanati au madarasa, au kama data ina uzito wa sampuli kama zile za tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu. Kai-skwea ya kawaida kwenye data ya namna hiyo inakosea, na inakosea ikikupendelea wewe. Hatari iko hapo.

*Umejaribu maswali mengi.* Maswali 20 yasiyohusiana, kila moja kwa kipimo cha 0.05, yana nafasi ya asilimia 64 ya kukupa angalau "tofauti" moja ya uongo. Ripoti yote ishirini. Ni hivyohivyo kwa anayetazama p kila Ijumaa na kuacha kukusanya siku inapoteremka chini ya 0.05.

*Sampuli ni kubwa mno.* Kwa watu laki kadhaa, hata nusu pointi ya asilimia itaonekana. p itakuwa sahihi, ila uliza kama nusu pointi hiyo ina maana kwa mtu yeyote.

Dalili ya 7: nikigawa data, jibu linageuka

Watu hudhani wameharibu faili. Mara nyingi hawajaharibu. Mfano unaojulikana ni wa matibabu ya mawe ya figo, Uingereza, 1986. Upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa wagonjwa 273 kati ya 350, asilimia 78. Njia ya tundu dogo ilifanikiwa kwa 289 kati ya 350, asilimia 83. Tundu dogo linashinda. Sasa gawa kwa ukubwa wa jiwe. Mawe madogo: upasuaji 81 kati ya 87, asilimia 93; tundu 234 kati ya 270, asilimia 87. Mawe makubwa: upasuaji 192 kati ya 263, asilimia 73, tundu 55 kati ya 80, asilimia 69. Upasuaji unashinda kote kuwili.

Soma vigawanyo uone siri: upasuaji ulipewa mawe makubwa 263, tundu dogo likapewa 80. Njia moja ilibeba wagonjwa wagumu. Ikiwa makundi yako hayakugawanywa kwa bahati nasibu, jiulize nani aliwaweka humo na kwa nini. Jaribio la kuanzia ni la Mantel na Haenszel, linalounganisha majedwali bila kuyachanganya. Vigezo vikizidi viwili, nenda kwa modeli ya logistiki, inayozingatia vigezo vingi kwa pamoja, na kama hujawahi kuitumia, usiitumie peke yako mara ya kwanza kwenye jambo litakaloamua matibabu ya watu.

Dalili ya 8: sipati namba za makala niliyosoma

Rudi Kisumu. Sisi tumepata asilimia 1.6 na 3.4. Watafiti wenyewe waliripoti 2.1 na 4.2 kwa miaka miwili, na p ya 0.0065. Hakuna aliyekosea. Utafiti ulisimamishwa Desemba 2006 kabla vijana wote hawajatimiza miezi 24, kwa hiyo wao walihesabu kwa kuzingatia muda ambao kila mtu alifuatiliwa. Jaribio letu linamchukulia aliyefuatiliwa miezi sita sawa na aliyefuatiliwa miaka miwili. Linafaa kupimia programu na kujifunzia. Kama watu wako waliingia na kutoka kwa nyakati tofauti, uchambuzi wako ni wa muda hadi tukio, na huo ni wa kufanya na mtu anayeujua.

Dalili ya 9: p = 0.000

Programu imekata desimali. Andika p < 0.001.

Ukienda kwa mtakwimu, beba hivi

Visanduku vinne kwa idadi, si asilimia. Idadi ya walioachwa wazi kwa kila kundi. Sentensi mbili za jinsi mtu alivyoingia kundi hili na si lile. Orodha ya vijiji au madarasa, na watu wangapi kila kimoja. Hojaji moja tupu, na moja iliyojazwa kwa mkono uwandani, jina la mhojiwa likiwa limefichwa. Hiyo ya mwisho usiiache nyumbani. Mimi ndiyo huanza nayo.